Maswali ya Wasomaji Kuhusu Picha: Jioni Ibaki Jioni

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu jambo moja: picha za mandhari zilizopigwa alfajiri au baada ya jua kuzama, ambazo mpigaji anajifunza kuzihariri kwenye kompyuta. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa anayeielewa vizuri atakuwa amepata sehemu kubwa ya majibu ya zile nyingine.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tukuyu na ninajifunza kupiga picha za mandhari kwa kamera niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Hivi karibuni nilisimama kando ya mashamba ya chai, jua likiwa limekwisha kuzama, nikaupiga Mlima Rungwe ukiwa na wingu kileleni. Kwenye kioo cha kamera picha ilipendeza sana. Nilikuwa nimeshauriwa nitumie faili ghafi, lile ambalo menyu ya kamera huliandika RAW, lakini nilipolifungua kwenye kompyuta nilikuta picha ya kijivu, iliyopooza, na chai yote imekuwa nyeusi. Nilipoongeza mwanga, mashamba yakajaa chenga za zambarau na kijani, na anga ikawa kama ya saa nane mchana. Nianzie wapi, na nifuate mpangilio gani? — *Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Marahaba. Picha uliyoiona kwenye kioo cha kamera na faili ulilolifungua kwenye kompyuta ni vitu viwili tofauti, ingawa vimetokana na tukio moja. Unapobonyeza kitufe, kamera yenyewe hutengeneza picha ya JPEG kwa ajili ya kioo chake: huiongezea rangi, hukoleza tofauti ya mwanga na giza, hulainisha chenga na kunoa kingo, na yote hayo huyafanya kwa kufuata maamuzi ya watu walioiunda. Faili ghafi halijafanyiwa lolote kati ya hayo. Limehifadhi kiasi cha mwanga kilichoangukia kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayojenga picha, basi, na kile unachokiona kompyuta inapolifungua ni pendekezo la awali tu la programu unayoitumia. Kwa hiyo ukijivu ulioukuta si kasoro ya kamera yako wala ya upigaji wako. Ndiyo sura ya faili ambalo bado linangoja maamuzi, na sasa mwamuzi ni wewe.

Kabla hujagusa kitelezi chochote, yaani kile kialama cha programu unachokivuta kushoto au kulia ili kuongeza au kupunguza kitu, kumbuka kwanza jioni ile ilivyokuwa. Ukiwa Tukuyu na kuutazama Mlima Rungwe, unaangalia upande wa kaskazini, na jua linazama kushoto kwako. Bega la mlima lililo upande huo ndilo linalobaki na mwanga wa mwisho, ilhali mistari ya chai iliyo bondeni imekwisha kuingia gizani. Mteremko huo wa mwanga, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka angani kuja ardhini, ndio uliokufanya usimame na kutoa kamera. Kazi yote ya kuhariri inapaswa kuulinda. Waanzaji wengi hufanya kinyume chake: huona sehemu yenye giza, wakadhani ni kosa linalohitaji kurekebishwa, wakainyanyua hadi kila jani lionekane. Picha ya namna hiyo huwa kama chai iliyoongezwa maji, kikombe kimejaa lakini ladha haipo. Ulipokuwa pale shambani macho yako hayakuliona kila jani, na mtazamaji hana haja ya kuona zaidi yako.

Sasa tuje kwenye chenga, kwa sababu ukizijua zinatoka wapi utajua pia mipaka ya kile unachoweza kukifanya. Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera, yaani bamba la ndani linalopokea mwanga, kwa chembe moja moja, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio ulio sawasawa. Tuseme sehemu fulani ya picha inapokea kwa wastani chembe 10,000 kwa kila pikseli: tofauti ya kawaida kati ya pikseli na pikseli itakuwa kama chembe 100, yaani asilimia 1, ambayo jicho haliioni. Sehemu inayopokea chembe 100 tu itakuwa na tofauti ya kama chembe 10, yaani asilimia 10, na hiyo jicho huiona mara moja. Chenga, basi, zilikuwamo ndani ya giza tangu ulipopiga. Ulipoongeza mwanga kwenye kompyuta ulizikuza pamoja na chai.

Kuna na sababu ya pili, ya namna faili lenyewe linavyohifadhi mwanga. Faili ghafi la biti 14 lina viwango 16,384 vya mwanga kwa kila pikseli, lakini viwango hivyo havikugawanywa sawa. Kila ukishuka hatua moja, yaani kila mwanga unapopungua kwa nusu, viwango navyo hupungua kwa nusu: hatua ya juu kabisa ina viwango 8,192, ya pili 4,096, ya tatu 2,048, na ukifika hatua ya sita umebaki na 256. Chai yako iko huko chini. Hata hivyo usikate tamaa ukarudi kwenye JPEG, kwani JPEG ina viwango 256 tu kwa kila rangi kutoka giza kuu hadi mwanga mkali kabisa, na ukijaribu kuinyanyua chai kutoka humo utaona mabaka na mistari badala ya majani.

Rangi ya zambarau nayo ina chanzo chake. Vihisi vya kamera nyingi vimefunikwa na vichujio vidogo vya rangi kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja bluu. Jua likishazama, shamba lililo bondeni huangazwa na anga ya bluu peke yake, na nyekundu inayofika kwenye kihisi ni haba sana. Programu hulazimika kuikuza nyekundu hiyo ili majani yapate rangi ya kawaida, na inapoikuza huzikuza chenga zake pia, na ndiyo maana giza lako liliingia uzambarau.

Kuhusu programu, huhitaji kutumia fedha ili uanze. darktable na RawTherapee hupatikana bila malipo na zina uwezo mkubwa. Lightroom ya Adobe ni rahisi zaidi kujifunza lakini hulipiwa mwezi kwa mwezi. Jambo la kufahamu ni kwamba programu hizi haziligusi faili ghafi lenyewe, bali huyaandika maagizo yako mahali pengine, mara nyingi katika faili dogo linalokaa kando ya picha. Usilifute faili hilo dogo ukidhani ni takataka, maana ndilo lenye kazi yako yote. Kwa sababu hiyo pia usiogope kujaribu: hakuna kitelezi kitakachoharibu picha yako ya asili.

Anza na marekebisho ya lenzi, ambayo programu huyafanya yenyewe ikiitambua lenzi yako. Usiyaruke, kwa sababu lenzi nyingi hutia giza kwenye pembe za picha, na katika mwanga hafifu giza hilo huchanganyika na giza halisi la jioni kiasi kwamba hutajua lipi ni lipi.

Baada ya hapo shughulikia mizani ya weupe, yaani uamuzi wa rangi ipi ihesabiwe kuwa nyeupe. Katika faili ghafi uamuzi huu unaweza kuubadilisha mara nyingi upendavyo bila hasara. Mwanga wa jua la mchana huwekwa kwenye takribani kelvini 5,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kwenye programu nyingi ukikipeleka kitelezi kwenye namba kubwa zaidi picha huwa ya njano, ukikipeleka kwenye namba ndogo huwa ya bluu. Kamera ikiachiwa ijichagulie, hujitahidi kuufuta ubluu wa jioni, na hapo ndipo anga yako ilipoanza kufanana na ya mchana. Kwa jioni ya Rungwe ningeanzia kati ya 4,500 na 5,500, kisha ningesogeza kidogo kidogo huku nikiliangalia wingu la kileleni: liwe na ubaridi, lakini lisiwe bluu ya wino.

Ndipo uongeze mwanga wa picha nzima. Fungua histogramu, ile chati inayoonyesha ni pikseli ngapi ziko gizani, ngapi katikati na ngapi kwenye mwanga mkali. Mafunzo mengi humwambia mwanafunzi aijaze chati kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwa picha ya mchana ushauri huo unafaa. Kwa picha ya jioni haufai. Rundo kubwa la chati libaki upande wa kushoto wa katikati, na upande wa kulia pabaki mkia mwembamba wa anga. Ukilisukuma rundo likae katikati, umeshageuza saa ya picha. Kisha punguza kidogo sehemu ang'avu ili rangi ya anga irudi, na shusha kitelezi cha weusi hadi baadhi ya sehemu, kama vile vivuli vilivyo kati ya mistari ya chai, ziwe nyeusi kwelikweli. Hatua hii ya weusi huonekana ya kushangaza kwa mtu aliyekuja akilalamikia giza, lakini jicho hupima mwanga kwa kulinganisha: pakiwa na weusi halisi mahali fulani, chai iliyo jirani yake itaonekana ina mwanga hata kama hukuiongezea chochote.

Baada ya hayo, na si kabla, chagua sehemu chache unazotaka zinyanyuke. Tumia zana ya kuchagua eneo, upake pale tu mwanga ulipokuwa unaangukia: bega la kushoto la mlima, migongo ya mistari ya chai iliyoelekea magharibi, labda na njia inayopita kati ya mashamba. Inyanyue kwa kiasi, nusu hatua au hatua moja. Zaidi ya hatua mbili chenga zitaanza kudai haki yao, hasa kwa kamera ya miaka iliyopita.

Chenga zenyewe zishughulikie kwa makundi mawili. Zile za rangi, yaani madoa ya zambarau na kijani, ziondoe karibu zote. Hazina faida yoyote, na kuziondoa hakugharimu mambo mengi. Zile za mwanga, ambazo ni mchanga wa kijivu usio na rangi, zipunguze kwa uangalifu, na usizimalize. Ikuze picha hadi asilimia 100, utazame majani huku ukivuta kitelezi, na usimame mara tu majani yanapoanza kufanana na plastiki. Anga inaweza kulainishwa zaidi kuliko chai, kwa hiyo fanya kila moja peke yake. Kunoa kingo kuwe kazi ya mwisho, na programu ielekezwe inoe kingo tu, maana ikiachwa inoe kila kitu itazinoa na chenga ulizotoka kuzipunguza.

Ukimaliza, iache picha, ufanye shughuli nyingine, kisha uirudie ikiwa ndogo kwenye skrini, bila kuikuza. Ukiitazama na akili yako ikakwambia kabla ya kufikiri kwamba ni jioni, umefaulu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipanda jiwe la Gangilonga hapa Iringa ili nipige mji ukiwa umewaka taa. Mji umetoka vizuri, lakini taa zenyewe zimekuwa madoa meupe yasiyo na rangi, na anga ni nyeusi tii. Nimeshusha sehemu ang'avu hadi mwisho na madoa yamegeuka kijivu. Nimesikia faili ghafi linaweza kuokoa kila kitu. Je, ninakosea wapi? — *Mwalimu, Iringa*

JIBU: Faili ghafi huokoa mengi, lakini haliokoi kilichofurika. Kila pikseli ina ukomo wa mwanga inaoweza kuupokea. Ukishajaa, mwanga wa ziada hauandikwi popote. Ikiwa rangi moja kati ya tatu haijajaa, programu inaweza kukisia nyingine mbili na kukurudishia sehemu. Zikijaa zote tatu, hakuna kilichobaki cha kurudisha, na ndiyo sababu unapata kijivu: programu inashusha weupe mtupu, nao ukishushwa huwa ukijivu mtupu. Kwa picha hii uliyo nayo, rudisha kitelezi cha sehemu ang'avu hadi karibu na kati, uziache taa ziwe nyeupe katikati, kisha uongeze joto kidogo kwenye mwanga unaozizunguka, ambao haujafurika. Taa nyeupe yenye ukingo wa njano inaaminika. Taa ya kijivu haiaminiki hata kidogo.

Tatizo lako kubwa zaidi, hata hivyo, ni saa, na hilo halirekebishiki kwenye kompyuta. Ulipiga usiku umeshaingia. Ipo nafasi fupi ambapo mwanga wa anga na mwanga wa taa za mji vinakaribiana kwa nguvu, na faili moja linaweza kuvibeba vyote. Mafunzo mengi yanayosomwa kwenye intaneti yameandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua huzama kwa mshazari na nafasi hiyo hurefuka. Uingereza wakati wa kiangazi, kuanzia jua kuzama hadi lifikie nyuzi 6 chini ya upeo wa macho huchukua zaidi ya dakika 40. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na safari hiyohiyo huchukua dakika 20 na ushei. Kwa hiyo uwe umeshafika juu ya jiwe, umefunga kamera kwenye tripodi na umekwisha kulenga kabla jua halijazama, kisha upige kila baada ya dakika chache hadi giza liingie. Nyumbani utachagua ile ambayo taa zimewaka na anga bado ina bluu.

Ukiwa na tripodi unaweza pia kupiga picha tatu bila kusogeza kamera: moja ya kawaida, moja yenye mwanga pungufu kwa hatua mbili, na moja yenye mwanga zaidi kwa hatua mbili. Programu itaziunganisha, ikichukua taa kutoka ile yenye mwanga pungufu na paa za nyumba kutoka ile yenye mwanga zaidi. Matokeo ya kuunganisha huja yakiwa yamesawazishwa kupita kiasi, paa zinang'aa kuliko anga iliyo juu yake. Rudisha giza mwenyewe kwa mkono, hasa kwenye miteremko inayozunguka mji ambako hakuna taa.

SWALI: Ninapiga ukungu wa alfajiri katika mashamba ya chai ya Mufindi. Programu yangu ina kitelezi cha kuondoa ukungu. Nikitumie kwa kiasi gani? — *Msomaji, Mafinga*

JIBU: Kwa ukungu wa Mufindi, usikitumie kabisa, au kivute upande wa kinyume. Kitelezi hicho hukuza tofauti ndogo za mwanga katika maeneo yaliyofifia, na katika mwanga hafifu tofauti ndogo kuliko zote ni chenga. Kinafaa kwa moshi na vumbi la mwisho wa kiangazi, pale mioto ya mashamba inapoyafanya mabonde yawe na rangi moja ya kahawia na wewe unataka milima ya nyuma ionekane. Ukungu wa alfajiri ndio uliokutoa nyumbani. Ongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye miti iliyo karibu nawe peke yake, na ukungu wenyewe uuache. Utapata kina bila kuumaliza.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Makete na hupenda kwenda Kitulo alfajiri. Aliyenifundisha kamera aliniambia nisivuke ISO 100 kwa hali yoyote ili nisipate chenga, kisha niongeze mwanga kwenye kompyuta. Nimefuata, na chenga zimezidi. Kulikoni? — *Mwanafunzi, Makete*

JIBU: Marahaba. Aliyekufundisha alikuwa na nia njema, na ushauri wake ni sahihi kwa mtu mwenye mwanga wa kutosha. Ila ISO haileti mwanga wala haiuondoi. Kinacholeta mwanga ni ukubwa wa tundu la lenzi na muda ambao shata, yaani pazia la kamera, inabaki wazi. ISO hukuza kile kilichokwisha kuingia. Ukipiga kwa ISO 100 picha ikatoka na giza la hatua nne, kisha ukainyanyua hatua nne kwenye kompyuta, umekuza mwanga uleule kidogo ambao ISO 1600 ingeukuza ndani ya kamera. Kwa vihisi vipya tofauti kati ya njia hizo mbili ni ndogo. Kwa vihisi vingi vya zamani njia ya kompyuta ni mbaya zaidi, maana saketi za kamera huongeza chenga zao wenyewe baada ya ukuzaji wa ISO kufanyika, nazo unazinyanyua pamoja na picha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa Kitulo ni moja: nitaingizaje mwanga mwingi zaidi? Ukiwa na tripodi na hakuna upepo, baki kwenye ISO 100 na uiache shata wazi kwa sekunde kadhaa hadi histogramu ya kamera isogee kulia bila kugusa ukingo. Picha itaonekana ina mwanga kupita alfajiri ilivyokuwa. Utaishusha nyumbani, na kushusha hakuleti chenga. Upepo ukiwapo, na kwenye uwanda ulio wazi katika mwinuko wa takribani mita 2,600 mara nyingi upo, maua na nyasi zitatikisika na kuacha ukungu wa rangi pale yalipokuwa. Hapo fupisha muda wa shata na upandishe ISO bila woga. Ua lililo wazi lenye chenga kidogo linaharirika, ila ua lililotikisika halitanyooshwa na programu yoyote.

Ipo njia nyingine ambayo wenye kamera za kawaida hawaitumii inavyostahili. Piga picha nne zilezile mfululizo bila kusogeza kamera, kisha uiagize programu izichukulie wastani. Kwa kuwa chenga huangukia mahali tofauti kila mara na mandhari hubaki palepale, picha nne hupunguza chenga kwa nusu, na picha kumi na sita huzipunguza hadi robo. Kwa milima, mawe na anga tulivu ni njia nzuri sana.

Baridi ya huko inakusaidia kwa upande mmoja, kwani kihisi kilichopoa hutoa madoa machache ya joto katika picha za muda mrefu. Kwa upande mwingine huishusha nguvu ya betri haraka, kwa hiyo betri ya akiba ikae kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Na ukirudi ndani ya nyumba yenye moto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto polepole. Ukiitoa mara moja, unyevu wa ndani utatanda kwenye lenzi na pengine ndani yake.

SWALI: Nilihariri picha zangu za Ziwa Ngosi usiku kwa uangalifu mkubwa, nikazipeleka studio moja hapa mjini kusafishwa. Zimetoka nyeusi kiasi kwamba maji hayatofautiani na msitu. Studio wanasema mashine yao ni nzima. Nani ana kosa? — *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Huenda hakuna mwenye kosa, bali ni skrini yako. Mtu anayehariri usiku ndani ya chumba chenye giza, skrini ikiwa imewashwa mwanga wote, huiona picha iking'aa kwa sababu skrini inatoa mwanga wake yenyewe, wakati karatasi huakisi tu mwanga ulio chumbani. Picha ya mchana huvumilia tofauti hiyo. Picha ya Ngosi, ambayo karibu yote iko kwenye theluthi ya giza kwa sababu ya kuta za kreta na msitu unaozunguka maji, haivumilii.

Hariri ukiwa na taa ya kawaida chumbani, weka karatasi nyeupe kando ya skrini, na ushushe mwanga wa skrini hadi ukurasa mtupu unaoonyeshwa humo ukaribiane na weupe wa karatasi hiyo. Wengi hushangaa jinsi wanavyolazimika kushusha. Baada ya hapo ifungue picha upya, na bila shaka utataka kuyanyanyua maji na ukingo wa msitu kidogo. Hifadhi nakala ya kupeleka studio katika nafasi ya rangi (yaani mpangilio wa rangi ambao faili hutumia) ya sRGB, kwa kuwa studio nyingi huitarajia hiyo, na uwaombe wasiwashe marekebisho ya kujiendesha ya mashine yao, maana mashine hiyo nayo ikiona giza hudhani ni kosa. Halafu usichape kubwa mara moja. Chapa kwanza tatu ndogo za picha ileile: moja kama ilivyo, moja iliyoongezwa mwanga kwa theluthi ya hatua, na nyingine kwa theluthi mbili. Zitazame mchana, kwenye ukuta utakakoitundika, ndipo uagize ile kubwa.